Ngozi ya mafuta nayo huona kiu

Kwa muda mrefu kila aliyeniuliza kuhusu uso wangu nilimpa jibu moja: "Mimi nina ngozi ya mafuta." Jibu hilo ndilo lililoamua sabuni niliyonunua, mara ngapi nilinawa, na vitu gani nilivikwepa kama ukoma. Halikuwa uongo, ila lilikuwa nusu ya habari. Nusu nyingine ndiyo iliyonimalizia fedha, ikanifundisha kukaa mbali na watu wenye kamera, na kuniachia madoa ambayo mengine bado ninayo. Namwandikia mtu ambaye paji lake la uso linang'aa ikifika saa sita mchana, mashavu yanambana kila akinawa, na kila anayemwomba ushauri anamwambia aoshe zaidi.

Kwanza hizi aina zenyewe, maana wengi tunazitaja bila kujua zinapima nini. Ule mgawanyo tuliouzoea, wa ngozi ya kawaida, kavu, ya mafuta na mchanganyiko, ulienezwa mwanzoni mwa karne ya 20 na Helena Rubinstein, mfanyabiashara wa vipodozi. Si mgawanyo mbaya, ila ujue ulikulia dukani. Unachopima ni kiasi cha mafuta yanayotoka kwenye tezi za ngozi, basi. Ngozi nyeti, ambayo huwekwa kwenye orodha hiyohiyo, ni habari nyingine: mtu anaweza kuwa na ngozi ya mafuta inayowaka kwa kila kitu, na mwingine akawa na ngozi kavu isiyoshtuka kwa lolote. Halafu kuna mgawanyo wa tatu unaowachanganya watu, ule wa daktari wa ngozi Thomas Fitzpatrick wa mwaka 1975. Huo unaangalia ngozi inavyolipokea jua, kama inaungua au inakuwa nyeusi zaidi, na leo una makundi 6. Ukisoma mahali "ngozi ya aina ya tano", ni huo unaozungumzwa, wala hauhusiani na mafuta. Mimi nilikuwa nimeviunganisha vyote. Niliamini kwamba ngozi yangu kwa kuwa ni nyeusi, basi ni ya mafuta kwa asili na haihitaji kupakwa chochote. Weusi ni melanini, yaani rangi ya asili ya ngozi, mafuta ni kazi ya tezi, na hakuna kinachomtabiri mwenzake.

Sasa tazama nilichokuwa nafanya. Sabuni ya kipande asubuhi, mchana, jioni na kabla ya kulala. Skrabu yenye chembechembe karibu kila siku, nikisugua hasa pale penye chunusi. Baada ya hapo tona, maji ya kufutia uso, yenye spiriti iliyokuwa ikinichonyota mpaka machozi, na nikiamini kwamba kuchonyota ndiko kufanya kazi. Losheni sikugusa. Nikitoka kunawa, ngozi ya pembeni mwa mdomo inavutika nikicheka, na kando ya pua kunatokea vigamba vidogo vyeupe. Saa mbili baadaye paji la uso limeanza kung'aa, na ukisogea karibu na kioo unaviona vile vigamba vikiwa vimelowa mafuta. Mafuta juu, ukavu chini yake. Nilikuwa naviona vyote viwili kila siku, nikachagua kuamini kimoja.

Utasikia watu wakisema kwamba ukiosha sana, ngozi "inafidia" kwa kutoa mafuta mengi zaidi. Nami nilisema hivyo kwa muda. Lakini tezi za mafuta huendeshwa hasa na homoni, ndiyo maana balehe huzifungulia, na hazina habari na sabuni yako. Kinachoharibika ni kingine. Tabaka la juu kabisa la ngozi limejengwa kama ukuta: chembe zilizokufa ndizo matofali, na katikati yake kuna mafuta maalumu yanayozishikanisha, yaani seramaidi, kolesteroli na asidi za mafuta. Hayo siyo yale yanayong'aa kwenye paji la uso. Kazi yake ni kuzuia maji ya mwilini yasivujie nje na vichokozi visiingie ndani. Sabuni nyingi za kipande zina pH, yaani kipimo cha uchachu ambacho namba kubwa ina maana ya uchachu mdogo, ya 9 hadi 10, wakati uso wa ngozi yenye afya hukaa karibu na 5. Ukiisugua ngozi kwa sabuni hiyo mara nne kwa siku, unaondoa mafuta ya tezi, ambayo yatarudi baada ya saa chache, na unaondoa pia yale ya kushikanisha, ambayo kurudi kwake ni kwa mwendo wa kobe. Maji yanapotea, ngozi inabana, inachokozeka, chunusi zinawaka zaidi, na kwa sababu paji bado linang'aa unaamini hujaosha vya kutosha.

Daktari wa ngozi niliyekwenda kumwona hatimaye, mama wa makamo asiye na haraka, aliniagiza nije na kila kitu ninachopaka. Nilikwenda na mfuko umejaa. Hata hakuufungua kwanza.

"Unanawa uso mara ngapi kwa siku, mwanangu?"

"Mara nne, daktari. Kukiwa na joto, tano."

"Ukishanawa unapaka nini?"

"Sipaki kitu. Ngozi yangu ni ya mafuta."

Akaweka kalamu mezani. "Panapong'aa pana mafuta, ndiyo. Lakini uso mzima una kiu."

Hapo ndipo nilipoelezwa kwamba ukavu na upungufu wa maji ni mambo mawili. Ngozi kavu ni ile ambayo kwa maumbile hutoa mafuta machache, na mtu huishi nayo hivyo. Ngozi iliyopungukiwa maji ni hali, inaweza kumpata yeyote, mwenye mafuta pia, na inatibika. Kipimo rahisi alichonipa: ukibana shavu taratibu kwa vidole viwili na kuona mikunjo mingi myembamba inayokaa kidogo kabla ya kupotea, huku ngozi inang'aa, uwezekano mkubwa ni maji yamepungua. Aliongeza kwamba si kipimo cha maabara, ni cha kukufungua macho tu.

Kisha akaufungua mfuko. Kimoja kimoja, akisoma nyuma, akikiweka upande wa kulia au wa kushoto. Vingi havikuwa na ubaya wowote, vilikuwa vya mtu mwingine tu. Alipofika kwenye kikopo kidogo cheupe alinyamaza, akakigeuza, akakigeuza tena.

Kikopo hicho nilikipata kwa mtu aliyeniambia kinatoa madoa ndani ya wiki, na kweli kilitoa. Mbele kulikuwa na jina la kuvutia, nyuma hakuna kitu: hakuna orodha ya viambato, hakuna namba ya toleo, hakuna tarehe ya mwisho. Nilipoanza kukipaka, vipele vilitulia, uso ukawa laini na wa rangi moja, watu wakanisifu. Nikikiacha siku chache, uso unawaka, unawasha, vipele vinarudi kwa fujo kuliko mwanzo, nami narudi kwenye kikopo. Nilidhani huo ni ushahidi kwamba ngozi yangu inakihitaji. Daktari alinisogeza kwenye kioo akanionyesha vinywele vyembamba vilivyoanza kuota mashavuni, na jinsi ngozi ya hapo ilivyokuwa imelegea na kuwa nyembamba. Alishuku steroidi kali, yaani dawa za kuzima uvimbe na mwasho, zile za jamii ya klobetasoli au betamethasoni, dawa ambazo zina kazi yake halali kwa maradhi fulani, kwa muda mfupi na kwa maelekezo, na ambazo uso ndio mahali zinapodhuru haraka. Hakuniruhusu kukiacha ghafla. Alinipunguzia taratibu kwa dawa dhaifu zaidi, akinionya kwamba kabla ya nafuu kutakuwa na kipindi kibaya.

Kilikuwa kibaya kuliko nilivyojiandaa. Uso ulivimba, ukababuka, ukatoa vipele vidogo vya usaha hadi shingoni. Nilikataa mialiko, nikajifunza kukaa upande wa chumba usio na mwanga. Usiku niliamka nimejikuna. Lililoniuma zaidi ni kwamba waliokuwa wakinisifu sasa walinishauri nirudie "ile krimu yako ya zamani". Ikiwa unapitia hapo, hesabu kwa miezi, usihesabu kwa siku, na usipambane peke yako bila daktari.

Kuhusu krimu za aina hiyo nitasema bila kupamba. Steroidi zilizofichwa ni jambo moja. Nyingine zina zebaki, ambayo huzuia melanini kutengenezwa lakini hupenya mwilini na kudhuru figo na mishipa ya fahamu, na inaweza kuwafikia hata watoto wanaoguswa na mikono au taulo za aliyepaka. Chini ya Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, vipodozi vyenye zebaki zaidi ya miligramu 1 kwa kilo vilipangiwa kuondolewa kufikia mwaka 2020, na mwaka 2023 nchi wanachama zikakubaliana kukiondoa hata kiwango hicho. Bado zinauzwa. Haidrokwinoni nayo ni dawa ya kufifisha madoa ambayo madaktari huitumia kwa muda maalumu, lakini ikipakwa miaka bila usimamizi inaweza kuleta weusi wa kibuluu unaokataa kutoka, yaani kinyume kabisa cha ulichonunua. Mimi sasa nina sheria moja: chombo kisichosema nyuma kina nini ndani hakigusi uso wangu. Na kitu kinachofanya kwa siku tatu kile ambacho dawa za kweli hufanya kwa miezi mitatu, nakiogopa.

Uso ulipotulia, daktari alinipa utaratibu mfupi mpaka nikahisi ameniibia pesa ya ushauri. Usiku kunawa kwa kiosheo kisicho na povu jingi wala manukato. Asubuhi maji matupu. Losheni nyepesi mara mbili. Krimu ya kujikinga na jua mchana. Hakuna kingine, kwa zaidi ya mwezi, kwa kuwa ngozi huchukua takriban wiki 4 kujibadilisha kutoka chini hadi juu, na umri ukienda huchukua muda mrefu zaidi. Baada ya kipindi hicho ndipo tukaipima aina. Unanawa, unakausha kwa kugusa bila kusugua, unauacha uso mtupu kama saa moja, kisha unabandika vipande vya karatasi laini kwenye paji, pua, kidevu na kila shavu, unaviangalia kwenye mwanga. Ya paji na pua ilikuwa na alama za mafuta, ya kidevu kidogo, za mashavu zilitoka safi na mashavu hayakuwa yakibana. Ngozi mchanganyiko. Zamani nilishafanya jaribio hilihili na likanipa jibu jingine, maana nililifanya juu ya ngozi iliyochubuliwa. Ngozi iliyoumia haisomeki. Na hata matokeo haya si ya kudumu: joto, baridi, homoni na umri vyote huyasogeza, kwa hiyo rudia hali ya hewa inapobadilika.

Losheni ndiyo iliyokuwa vita yangu kubwa kichwani. Niliogopa kuziba vitundu. Nilianza na ya jeli, yenye gliserini juu kabisa kwenye orodha ya viambato, na viambato huandikwa kuanzia kilicho kingi, kwa hiyo mstari wa kwanza na wa pili ndiyo wa kusoma. Gliserini huvuta maji na kuyashika, haileti mng'ao wa mafuta. Mashavuni naongeza krimu nzito kidogo yenye seramaidi. Ndiyo, uso mmoja, vitu viwili, na hakuna sheria niliyovunja. Baada ya wiki chache ule ubanaji ulikwisha. Mng'ao wa paji haukwisha, ulipungua tu, nami nimeacha kuuhesabu kama ugonjwa.

Dada yangu, tuliyezaliwa tumbo moja, ni upande wa pili kabisa. Yeye ana ngozi kavu yenye ukurutu tangu utotoni, na kwa miaka alitumia sabuni yangu kwa sababu "inasafisha vizuri". Ilimpasua miguu na mikono. Kwake kilichosaidia ni kuoga kwa muda mfupi kwa maji ya uvuguvugu, kutumia sabuni laini kwapani na sehemu za siri za nje tu, na kupaka krimu nzito au mafuta ya mgando ndani ya dakika chache ngozi ikiwa bado na unyevu. Mafuta ya mgando hayaongezi maji, yanayafungia yaliyopo, ndiyo maana ukiyapaka juu ya ngozi iliyokwisha kupauka unabaki unang'aa na kuwashwa vilevile. Manukato aliyaacha kabisa. Na kwa wenye ngozi nyeusi: usisubiri uwekundu ndipo ujue ukurutu umewaka. Kwetu huonekana zambarau, kijivu au kahawia iliyokolea, na mara nyingi mkono unauhisi mparuzo kabla jicho halijauona.

Chunusi zilianza kushughulikiwa baada ya ukuta kupona, si kabla. Nilipewa adapalini, dawa ya chunusi ya kupaka, ukubwa wa punje ya njegere kwa uso mzima, usiku mmoja naruka mmoja, nikiipaka juu ya losheni mpaka ngozi ilipozoea. Daktari alinitahadharisha kwamba sitaihukumu kabla ya wiki 12. Wiki za mwanzo vipele viliongezeka kidogo na ngozi ikabanduka, kisha ikatulia. Benzoili peroksaidi, dawa nyingine ya chunusi, alinipa ya asilimia 2.5, akisema ya 10 haiponyi zaidi, inachokoza zaidi tu. Lisiloandikwa kwa herufi kubwa: inafifisha rangi ya nguo. Foronya zangu za bluu zina mabaka ya rangi ya chungwa hadi leo. Vipele vidogo vya paji, karibu na nywele, havikuhitaji dawa yoyote, vilikuwa vya mafuta mazito ya nywele yanayoteremka. Nilipoyaweka mbali na ukingo wa nywele vikaisha vyenyewe. Na kama vyako vinafanana vyote kwa ukubwa, vinawasha, na dawa za chunusi hazivigusi, muulize daktari kuhusu fangasi wa kwenye vinyweleo, maana hao hutibiwa kwa dawa tofauti.

Madoa ndiyo yanayotusumbua zaidi sisi wenye ngozi nyeusi. Chunusi inapona, alama nyeusi inabaki miezi. Hayo si makovu. Ni melanini iliyoachwa na uvimbe, na kila unapotumbua unaongeza nyingine. Hakuna krimu ya madoa itakayoshinda kama jua linaendelea kuyakoleza, kwa hiyo kinga ya jua ni dawa ya madoa kabla ya kuwa kitu kingine chochote. SPF ni namba ya nguvu ya kinga iliyoandikwa kwenye chombo: SPF 30 huzuia takriban asilimia 97 ya miale ya UVB, ile ya jua inayounguza ngozi, na SPF 50 takriban 98, kwa hiyo usijinyime chakula cha mwezi kwa ajili ya namba kubwa. Kinachoangusha wengi ni kiasi: jaza mistari miwili ya krimu, mmoja juu ya kidole cha shahada na mmoja juu ya cha kati, kwa uso na shingo, na urudie kila saa mbili ukiwa nje. Zile zinazoacha weupe wa majivu nilizitupa kwa hasira mpaka nikapata yenye rangi. Rangi hiyo hutokana na oksidi za chuma, ambazo pia hukinga mwanga wa kawaida unaoonekana kwa macho, na mwanga huo nao hukoleza mabaka.

Kitu kipya sasa nakianzisha kimoja kwa wakati. Nakipaka sehemu ndogo ndani ya mkono, karibu na kiwiko, mara mbili kwa siku kwa muda wa wiki moja kabla hakijafika usoni. Wengi hupaka mara moja, wakasubiri usiku mmoja, wakasema kimefaulu. Mzio wa manukato unaweza kuchelewa siku kadhaa. Mafuta yaitwayo ya asili nayo hayana msamaha, kwani baadhi ya yanayonukia vizuri ndiyo yanayowasha watu zaidi.

Nilipopata mimba kila kitu kilisogea tena. Mashavu yalikauka, mabaka ya kahawia yakatokea juu ya mdomo, na adapalini ikabidi niiache siku ileile niliyojua, kwa kuwa dawa za jamii ya retinoidi, yaani za ukoo wa vitamini A, hazitumiki katika ujauzito. Daktari alinihamishia asidi ya azelaiki, ambayo hutumika kwa chunusi na madoa pia, na mabaka tuliyaacha mpaka baada ya kujifungua, tukiyakinga na jua tu. Kama unapanga kushika mimba, mwambie daktari wako wa ngozi mapema, na mpelekee orodha yote, ikiwemo vile vitu unavyoona aibu kuvitaja.